Sekunde Tisa za Babu Jiwe

Kikohozi cha kumi na tisa kilikuwa king'ang'anizi. Daktari alikuwa amekohoa huku akiendelea kuzungumza, kikohozi na neno vikapandana kama watu wawili waliogongana mlangoni. Mama Mkasi alisogeza uso karibu na kioo cha kompyuta, akaupanua mstari wa sauti mpaka ukawa kama safu ya milima, akatafuta bonde. Akakata. Akafumba macho, akasikiliza. Mkia wa kikohozi ulikuwa bado umebaki. Akarudisha, akakata tena, safari hii unywele mmoja tu kushoto.

"Kumi na tisa," akasema, akatia alama kwenye daftari.

Vilikuwa thelathini na kimoja. Alivihesabu kabla ya kuanza, maana hakuwa mtu wa kuingia kazini kichwa kichwa. Mazungumzo yenyewe yalihusu namna ya kutunza kifua, na yangekwenda hewani kesho saa mbili asubuhi. Mama Mkasi hakumcheka daktari. Alijisemea tu kwamba huenda mtu huyo alikuwa akitoa mifano.

Jina la Mama Mkasi lilimpata zamani, enzi ambazo sauti ilikuwa kwenye utepe na utepe ulikatwa kwa mkasi. Yeye wakati huo alikuwa mfagizi. Kila jioni alifagia vipande vya utepe chini ya meza za wahariri, na jioni moja akajiuliza vina nini ndani yake. Akaviokota, akaviunga kwa gundi, akaomba asikilizishwe. Vilikuwa vikohozi, pumzi, "eee" nyingi, "yaani" zisizo na idadi, na kicheko cha waziri mmoja. Hivyo ndivyo alivyojifunza uhariri, akianzia kwenye vilivyotupwa. Sasa ulikuwa mwaka wa ishirini na mbili katika redio ya taifa ambayo kutwa nzima ilikuwa ni maneno matupu, muziki kidogo sana, na hapakuwa na kipindi ambacho hakijapita chini ya mkono wake.

Alikuwa na desturi moja iliyowachosha watu. Popote walipokwenda kurekodi, kabla hawajafunga vifaa, aliinua kidole na kusema, "Nipeni ukimya wa chumba." Hapo wote walisimama nusu dakika bila kukohoa wala kukanyaga. Kila chumba kina ukimya wake, na tundu lililoachwa na kikohozi haliwezi kuzibwa na ukimya wa kuazima. Aliupanga wote kwa utaratibu: ukimya wa bungeni, ukimya wa zahanati, ukimya wa darasa watoto wakiwa nje, ukimya wa jikoni kwa Babu Jiwe.

Simu ikatetemeka mezani. Alikuwa mama yake mzazi, mwanamke wa miaka themanini na ushei aliyekaa na redio tangu taarifa ya alfajiri mpaka wimbo wa taifa.

"Wewe, huyo aliyesoma habari mwambieni anywe maji. Anameza maneno kama vidonge."

"Nitamwambia, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, na leo saa kumi? Atamsamehe, hatamsamehe?"

"Sijui, mama. Kweli kabisa, sijui."

"Mtu yuko humo humo ndani ya redio, halafu hajui! Ndiyo kazi gani hiyo, mwanangu? Wenzio nawasikia. Wewe miaka yote hii sijakusikia hata ukipiga chafya."

"Ndiyo kazi yenyewe, mama. Siku ukinisikia ujue nimeharibu."

"Mh! Mimi niko upande wa mzee. Asimsamehe, akome. Tumewekeana dau na jirani: akisamehe, namfulia mapazia ya nyumba nzima."

"Na asiposamehe?"

"Ananifulia yeye. Na yangu ni mazito."

Nchi nzima ilikuwa hivyo wiki hiyo. Mchezo wa Babu Jiwe ulikuwa ukitangazwa kila Jumanne saa kumi jioni kwa miaka mitatu, na leo ndio ulikuwa mwisho. Babu Jiwe alikuwa mzee mkaidi aliyegombana na binti yake, binti akaondoka, na mama mtu alipofariki binti hakufika. Tangu siku hiyo kiti cha marehemu kilibaki jikoni bila mtu. Kila mgeni aliyekigusa, kikalia kwa ule mlio wake mrefu kama mbuzi anayeuliza swali, Babu Jiwe alinguruma: "Si hicho!" Watu walikuwa wakiambiana "si hicho!" maofisini, hospitalini, hata kwenye foleni za benki.

Na Mama Mkasi hakuwa akimficha mama yake. Sentensi ya mwisho hakuna aliyeijua isipokuwa Mwongozaji wa mchezo. Mwaka fulani mwigizaji mmoja alimnong'oneza mkewe mwisho wa hadithi, na kabla ya Ijumaa sokoni walikuwa wanausimulia kwa mbwembwe. Tangu hapo Mwongozaji aliiandika sentensi ya mwisho kwenye karatasi, akaiweka mfuko wa shati, na kuirekodi asubuhi ya siku yenyewe. Alijisifu sana kwa mpango huo.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Mwongozaji aliingia mkono ukiwa kifuani, juu ya mfuko, kama mtu anayeumwa moyo. Nyuma yake alikuja Babu Jiwe mwenyewe, ambaye nje ya mchezo alikuwa kijana mwembamba wa miaka thelathini na minane, mtangazaji wa mpira.

"Sema neno," Mwongozaji akamwambia. "Sema umsalimie Mama Mkasi."

Babu Jiwe akafungua kinywa. Ukatoka mlio wa tairi la baiskeli linaloishiwa upepo.

"Jana," Mwongozaji akasema, "timu ya taifa imefunga dakika ya mwisho. Ndugu yako huyu ametangaza goli moja dakika mbili na nusu bila kuvuta pumzi."

Babu Jiwe akainua vidole vitatu kusahihisha.

"Tatu! Na anajivunia! Daktari kasema asitamke kitu wiki nzima."

"Pole, mwanangu," Mama Mkasi akasema. "Na lile goli lilikuwa zuri."

Babu Jiwe akaweka mkono kifuani kushukuru.

"Tumerekodi yote isipokuwa sentensi moja," Mwongozaji akasema, akijiangusha kwenye kiti. "Nimempigia Mkuu wa Vipindi, yuko safarini, kwenye semina. Kasema kama mpaka saa tisa na nusu hakuna mwisho, irudiwe sehemu ya kwanza, na kuanzia wiki ijayo saa ile inapewa kipindi cha sheria za viwanja. Unanielewa, mama? Miaka mitatu, halafu binti abaki mlangoni milele."

Akatoa karatasi mfukoni, akaitandaza mezani. Ilikuwa imekunjwa mara nne na kulowa jasho. *Nimekusamehe, mwanangu. Ingia ndani.*

Mama Mkasi akaisoma polepole. Akayafikiria mapazia ya jirani.

"Mna sehemu mia moja hamsini na tano humo," Mwongozaji akasema, akiionyesha kompyuta. "Nitafutie maneno hayo."

Alianza saa mbili na robo, kwa mpangilio, toka sehemu ya kwanza. Spika ya ukumbini ilikuwa ikitoa sauti ndogo ya yaliyokuwa hewani. Kipindi cha wakulima kilipita, mtaalamu akimweleza mama mmoja kwa nini kuku wake anakula mayai yake mwenyewe. Simu ikatetemeka, mama yake tena. "Huyo wa kuku kafuga wapi? Muulize!" Ikafuata saa ya salamu, mtu akiwasalimia wajomba kumi na wanne kwa majina na kumruka mmoja kwa makusudi. Ikafuata saa ya watoto, na msichana wa miaka sita akataka kujua usiku jua linalala upande gani wa kitanda. Mtangazaji wa zamu, ambaye kazi yake ni kukaa studio na kuunganisha kipindi kimoja na kingine, alimjibu kwamba upande wa ukutani, ili lisianguke. Watu wote ukumbini walisikika wakicheka. Mtangazaji huyo waliyemwita Dada Saa hakuwahi kukosa jibu.

Mpaka saa saba Mama Mkasi alikuwa amejua jambo moja: mtu aliyeandikiwa kutosamehe kwa miaka mitatu hana neno la kusamehe. Alilipata mara moja tu, sehemu ya arobaini, Babu Jiwe akimwambia mbuzi aliyemlia kofia: "Nimekusamehe!" Ila alilisema akicheka, kinywani mna chakula. Na "ingia ndani, mwanangu" alilipata kwenye rekodi ya mpira aliotangaza, mshambuliaji akilikaribia lango. Akaviunga vyote kwa uangalifu, kwa sababu alikuwa ameombwa, akawaita wenzake wasikilize.

Binti akalia mlangoni: "Baba, nimechoka kusimama nje." Baba yake akamjibu kinywa kimejaa, huku akitafuna na kucheka, kwamba amemsamehe. Halafu, mbele ya watu elfu hamsini na vuvuzela zao, akamfokea: "Ingia ndani, mwanangu, ingiaaa!"

Kisha Mwongozaji akaanza kucheka, akacheka mpaka akauinamia ukuta. Babu Jiwe alicheka bila sauti, mabega yakiruka, akijishika koo kwa maumivu. Mama Mkasi akavua hedifoni akafuta machozi.

"Ukimaliza hapo," Mwongozaji akasema, "binti anapewa kadi nyekundu."

Lakini kicheko kilipokwisha, saa ya ukutani ilisema saa nane kasorobo, na hakuna aliyemtazama mwenzake.

Hewani bunge lilikuwa limeanza. Mbunge mmoja aliuliza kuhusu barabara iliyoahidiwa. Waziri akasimama, akasema ameipokea hoja. Mbunge akauliza tena: lini? Ikapita pumzi moja, zikapita mbili. Halafu kikasikika kiti kikisogezwa, taratibu, na mtu mzito akikaa.

"Kajibu huyo!" Dada Saa akapiga kelele ukumbini, akipita na kikombe chake. "Kajibu vizuri tu!"

Mama Mkasi, aliyekuwa amenyoosha mkono kuifunga sehemu ya mia moja na tatu, akauacha mkono hapo hapo. Alikaa hivyo muda, kama kawaida yake, akiligeuza wazo na kulikagua pande zote kabla ya kulitoa.

"Mwongozaji," akasema hatimaye, "kile kiti kiko wapi?"

"Kiti gani?"

"Cha marehemu. Babu Jiwe sauti hana, lakini miguu anayo. Mikono anayo. Miaka mitatu tunawaambia watu kiti hicho hakikaliwi. Akikivuta yeye mwenyewe, akamwekea binti, wewe unadhani kuna mtu hatajua?"

Mwongozaji akaitazama karatasi yake mezani. Ilionekana wazi kwamba alikuwa ameipenda sentensi ile. "Na asiseme kitu?"

"Asiseme kitu."

"Hata 'mwanangu'?"

"Mzee yule, kaka? Ungemwamini?"

Mwongozaji akafikiri, akaikunja karatasi mara nne, akairudisha mfukoni.

Kiti kilikuwa stoo, kimefungiwa kibao kilichoandikwa USIKALIE. Walikiingiza studio ya maigizo kama bibi harusi, wakashika pande mbili kisilie njiani. Babu Jiwe akavaa kandambili za mzee, akaukunja mgongo, na papo hapo uzee ukamwingia. Alitembea hatua tatu nzito. Akakishika kiti, akasita. Akakivuta. Kile kiti kikalia mlio wake wote, mrefu, wa kuuliza, hadi kilipofika mahali pake na kunyamaza.

"Vizuri," Mama Mkasi akasema kwa kunong'ona. "Sasa binti akae. Lazima akae, la sivyo tutawaacha watu roho juu."

"Mwigizaji wa binti yuko mkoani," Mwongozaji akasema. "Harusi ya dada yake. Nikae mimi?"

"Utakivunja."

Wakatazamana. Babu Jiwe akamnyooshea Mama Mkasi mkono, kiungwana, kama mwenyeji anayekaribisha mgeni nyumbani.

Mama Mkasi alikuwa amekata sauti za watu elfu kwa miaka ishirini na mbili, na yake hakuwahi kuiweka, hata ya nyayo. Akavua viatu. Akatembea kutoka mlango wa studio, hatua ndogo za mtu asiyeamini. Akakaa. Kiti kikamlalamikia kidogo, kikazoea.

Hakuinuka mara moja. Baadaye akainua kidole, akasema, "Nipeni ukimya wa chumba."

Tatizo lililobaki lilikuwa Mlinzi. Hilo lilikuwa jina la kisanduku kilichokaa studio ya kutangazia: redio ikinyamaza sekunde kumi, chenyewe kinajua mambo yameharibika na kinaanza kupiga bendi ya tarumbeta ambayo msikilizaji yeyote angeitambua na hakuna aliyeipenda. Ufunguo wa kukizima alikuwa nao Mkuu, kwenye semina.

"Kati ya binti na nyayo nataka sekunde kumi na tano," Mwongozaji akasema. "Watu wateseke."

"Nakupa tisa."

"Kumi na mbili."

"Kumi na mbili utapewa na tarumbeta. Tisa."

Saa tisa na dakika ishirini na saba kazi ilikwisha. Saa kumi kamili wote watatu walikuwa wamesimama nyuma ya Dada Saa studio, wakitazama sekunde. Yeye ameketi mbele ya kipaza sauti, karatasi ya majina ya waigizaji mkononi, tayari kuyasoma mchezo ukiisha. Mchezo ukaenda dakika ishirini na nne bila doa. Binti akafika mlangoni. "Baba," akasema, na sauti ikamshuka, "nimechoka kusimama nje." Mwisho wake ulikuwa mnong'ono.

Hapo ndipo Mama Mkasi alipong'amua kosa lake. Mnong'ono ule, kwa Mlinzi, ulikuwa kimya. Kisanduku kilikuwa kimeanza kuhesabu sekunde mbili kabla ya ukimya wake. Tisa na mbili ni kumi na moja. Vitu vyote alivihesabu maishani, hicho hakukihesabu.

Taa nyekundu ya Mlinzi ikaanza kuwaka na kuzimika. Saba. Nane. Mwongozaji akamshika Babu Jiwe mkono. Tisa.

Dada Saa, ambaye hakuwahi kukosa jibu, alikuwa analia. Machozi yalikuwa yakimtiririka juu ya karatasi ya majina, na kipaza sauti alikuwa amekwisha kukifungua kidogo, ajiandae kusoma. Akavuta kamasi. Si kwa nguvu, ila ilitosha. Taa ikazimika. Mlinzi akaanza kuhesabu upya, na kabla hajafika mbili zikaja nyayo, nzito, tatu. Kikaja kiti.

Mlio wake ulienda nchi nzima. Zikafuata nyayo nyingine, ndogo, za mtu asiyeamini. Mtu akakaa.

Dada Saa akayasoma majina kwa sauti ya mafua. Alipofika mwisho akaongeza moja ambalo halikuandikwa kwenye karatasi, la mhariri, lile la cheti cha kuzaliwa, na Mama Mkasi ikamchukua muda kutambua kwamba ni lake.

Studio ikalipuka. Mwongozaji alimbeba Babu Jiwe, Babu Jiwe alipiga kelele zisizosikika, simu za mezani zikaanza kulia zote kwa pamoja. Dada Saa alikuwa akiomba radhi kwa kila mtu: "Nimeharibu, jamani, nimevuta kamasi hewani, nimeharibu!" Naye kila simu aliyoipokea ilimwambia jambo lile lile: mzee amelia. Wamemsikia kwa masikio yao. Mzee jiwe kama yule, kavuta kamasi gizani jikoni kwake kabla ya kuinuka.

Simu ya Mama Mkasi ikatetemeka. Akatoka nayo ukumbini.

"Wewe! Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

"Nilikuwa upande wake, mimi! Halafu akavuta kamasi, masikini mzee wa watu, nikasema basi, mpe kiti mtoto, mpe tu. Na mapazia nitafua, jirani keshayaleta." Akavuta pumzi. "Halafu nimesikia jina."

"Ndiyo, mama."

"Jina zima. Na la baba yako. Kwani wewe ulifanya nini mle?"

Mama Mkasi akaegemea ukuta. "Ule ukimya, mama, kabla ya kiti. Ule niliuweka mimi. Na yule aliyekuja akakaa ni mimi."

Kimya kikapita kwenye simu. Alijua ukimya huo ni wa chumba gani: redio imepunguzwa, mapazia yako chini, kuku wa jirani kwa mbali.

"Wewe ndiye uliyekaa?"

"Mimi."

"Ndiyo maana kiti kililia vile. Punguza kula, mwanangu." Kisha, sauti imekuwa ndogo: "Nimekusikia. Nimekusikia vizuri kabisa."

Saa kumi na moja na nusu Mama Mkasi alirudi chumbani kwake. Spika ya ukumbini ilikuwa imehamia kwenye taarifa ya hali ya hewa. Mwongozaji alimfuata mpaka mlangoni, bado anatabasamu.

"Kesho asubuhi mchezo unarudiwa," akasema. "Ile kamasi tufanyeje? Haimo kwenye rekodi yetu, mama. Iko ile ya hewani tu. Tuitie?"

"Mlete Dada Saa kesho mapema," Mama Mkasi akasema. "Tuone kama anaweza kulia tena. Nitataka na ukimya wa studio yake."

Mwongozaji akaondoka, akicheka peke yake. Mama Mkasi akaketi, akavaa hedifoni, akalifungua daftari penye alama ya kumi na tisa. Akaisogeza rekodi mbele kidogo. Daktari alikuwa akieleza jinsi ya kuvuta pumzi kwa utulivu, na hapo hapo kikaja kikohozi cha ishirini, kidogo, cha aibu, kikifuatwa na "samahani" ambayo hakuna aliyepangiwa kuisikia.

Alikirudia mara mbili. Akashika kalamu, na badala ya alama akaandika kiulizo. Akavifunika vifaa kwa kitambaa, akazima kompyuta. Vikohozi kumi na viwili vilikuwa bado, na saa kumi na mbili alfajiri angekuwa amekwisha kufika.